Barua ya tabia kwa ndugu anayeomba ukaazi au uraia nje: namna ya kuiandika ukiwa Dar

Mama mmoja aliingia steshenari kwangu Mwananyamala, Jumatatu asubuhi, simu mkononi, hata shikamoo yangu aliiitikia nusu. Akanibonyezea sauti ya WhatsApp ya mwanawe aliye Houston: "Mama, mwanasheria anataka barua za tabia, tatu, kabla ya Ijumaa. Waambie waandike tu kwamba mimi ni mtu mzuri." Kisha akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjumbe wa shina alikuwa ameshaandika kwa mkono: "Mtajwa hapo juu ni mtu mwenye tabia njema, mchapakazi, mcha Mungu na mwenye ushirikiano mzuri na jamii." Mama akasema, "Mwanangu, nichapie hii nakala tatu, ubadilishe majina ya chini tu."

Sentensi hiyo nimeichapa hadi vidole vinaijua. Nimeichapa kwa waomba kazi ya ulinzi, kwa wapangaji wapya, hata kwa bwana harusi mmoja ambaye wakwe walimtilia shaka. Wala si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba ukifuta jina la kijana wa Houston ukaweka la kijana yeyote wa mtaa ule, bado inasimama. Ofisa anayeisoma hana pa kushika. Na akizipata tatu zinazofanana neno kwa neno, zenye sahihi za watu watatu, ndipo anapoanza kujiuliza kama hao watu wenyewe wapo.

Yafuatayo ndiyo ninayowaambia wateja kabla sijawasha kompyuta.

Kwanza tusichanganye makaratasi

Hapa mjini ukisema "tabia njema", kila mtu anafikiria karatasi yake. Kuna cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha kuchukuliwa alama za vidole. Hicho kinasema kama una rekodi ya makosa, basi. Kuna barua ya serikali ya mtaa, yenye muhuri wa mwenyekiti au mtendaji. Hiyo kazi yake ni kuonyesha kwamba unaishi au uliishi pale. Halafu kuna hii tunayoizungumzia: barua ya mtu binafsi anayemfahamu mwombaji, anayeeleza kwa maneno yake alichokiona. Mbili za mwanzo haziwezi kufanya kazi ya hii ya tatu, hata zikipigwa mihuri mitano.

Pia neno "mdhamini" linawatisha wazee. Kwa Marekani kuna udhamini wa fedha, fomu I-864, ambao aliyesaini anajifunga kisheria kumsaidia mhamiaji kimaisha. Huo husainiwa na raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani mwenye makazi kulekule. Mama wa Temeke anayeandika barua ya tabia hajifungi kulipa chochote, na hana haja ya kuandika "nitamgharamia kwa lolote".

Hatua ya 1: Uliza ni ombi gani hasa

Usiandike hata mstari kabla hujajua. Mpigie mwombaji, au bora zaidi mwanasheria wake, uulize mambo matatu: anaomba nini, barua inaelekezwa kwa nani, na nini wanataka kionekane ndani yake. Jibu hubadilisha barua nzima.

Kama anaomba uraia wa Marekani, sheria yao inamtaka aonyeshe tabia njema kwa kipindi cha miaka 5 kabla ya ombi, au miaka 3 kama anaomba kupitia ndoa na raia wa huko. Ofisa anaruhusiwa pia kutazama nyuma ya kipindi hicho. Sasa wewe uliye Dar, ambaye hujamwona tangu alipopanda ndege, hapo ndipo pa kukaa ukafikiri. Huwezi kushuhudia miaka 5 ya Houston. Unachoweza kushuhudia ni alivyokuwa kabla hajaondoka, na namna alivyoendelea kushikamana na watu wake akiwa mbali: simu, ada, matibabu ya mzazi, msiba alioubeba kwa mbali. Hayo yana uzito wake, mradi useme wazi kwamba ndiyo unayoyajua.

Kama yuko mbele ya jaji wa uhamiaji akipigania asirudishwe kwa nguvu, mambo ni mazito zaidi. Kuna ombi moja la watu wasio na kadi ya ukaazi ambapo mtu lazima aonyeshe ameishi Marekani mfululizo miaka 10, amekuwa na tabia njema muda huo, na kwamba akiondolewa, mke au mume, mzazi au mtoto aliye raia au mkaazi wa kudumu ataumia kwa kiwango kisicho cha kawaida. Barua ya kutoka Dar inaweza kusaidia upande wa tabia. Lakini kuwa makini: nimeona barua ya shangazi aliyetaka kumsifia kijana akaandika "akirudi hapa ana nyumba na biashara inamsubiri". Alikuwa anaonyesha familia haina njaa. Mwanasheria alipoisoma aliiweka pembeni, maana ilivunja hoja ya kwamba akiondolewa familia itaumia.

Kama ni kadi ya ukaazi kupitia ndoa, hapo tabia si hoja kubwa; wanataka kujua ndoa ni ya kweli. Shahidi anatakiwa ataje jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake na wanandoa, na alivyoijua ndoa hiyo. Kama ulikuwepo Mbagala kwenye kitchen party, ukamwona bwana akihangaika kutafuta jenereta umeme ulipokatika, andika hilo.

Uingereza ni habari nyingine kabisa. Anayeomba uraia wa kule hutaja wadhamini wawili, wa kuthibitisha kwamba wanamjua, si wa fedha, kwenye fomu yenyewe. Kila mmoja awe amemjua kwa angalau miaka 3, asiwe ndugu yake, asiwe wakili anayemwakilisha, na wadhamini wenyewe wasiwe ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo mama mzazi hata akiandika kurasa kumi hahesabiki kuwa mdhamini.

Na wapo wanaoomba upande wa kwetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe mtu wa tabia njema. Ukiombwa kumwandikia jirani yako Mkongo au Mhindi, mengi ya hapa chini yanakuhusu.

Hatua ya 2: Nani aandike

Watu hukimbilia vyeo. Wanamtafuta diwani, wanamtafuta mheshimiwa fulani aliyesoma na baba yao. Diwani asiyemjua kijana ataandika kile kile cha "mtajwa hapo juu". Mimi nachagua fundi gereji aliyekaa naye benchi moja miaka minne, kuliko mheshimiwa aliyempa mkono kwenye harusi.

Barua tatu za watu walioona mambo tofauti zinatosha: mmoja wa kazini au shuleni, mmoja wa mtaani, mmoja wa msikitini au kanisani. Ndugu wa damu wanaweza kuandika katika kesi za Marekani, ila waseme wazi kwamba ni ndugu, na wasiwe wote watatu. Imamu au mchungaji aandike kama kweli anamkumbuka. Mchungaji mmoja aliniambia, "Huyu nilimbatiza tu, sikumwona tena," na akakataa kusaini. Nilimheshimu sana.

Hatua ya 3: Kaa na daftari kabla ya kuandika

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo yenye barua yote ndani yake.

Chukua daftari, jiulize: nilimwona wapi mara ya kwanza, mwaka gani? Nilikuwa nakutana naye mara ngapi kwa wiki? Ni lini aliwahi kunisaidia, au kumsaidia mtu mbele yangu, bila faida kwake? Aliwahi kushika pesa au mali ya watu? Aliwahi kukosea akaomba radhi? Mara ya mwisho tuliongea lini, tuliongea nini?

Mama wa yule kijana wa Houston nilimkalisha kwenye kigoda nikamuuliza hayo. Akanijibu, "Ni mtoto mwenye huruma." Nikamuuliza, huruma ipi? "Huruma tu, mwanangu, ya kawaida." Nikanyamaza. Fotokopi inaunguruma. Baada ya muda akasema: "Kuna wakati alikuwa anauza maji ya kandoro stendi ya Ubungo, bado mwanafunzi. Akarudi siku moja hana kitu. Kumbe kampa bibi mmoja nauli ya Korogwe, kaibiwa pochi. Nikamchapa. Mwezi mmoja baadaye yule bibi akatuletea gunia la machungwa, kaulizia mpaka kafika mlangoni."

Nikamwambia, mama, barua ndiyo hiyo.

Ukitafuta matukio, tafuta yenye mwaka, mahali na kitu kinachoshikika. "Anasaidia jamii" haina mwaka. "Mafuriko ya Desemba 2011" yana mwaka, na mtu yeyote wa Dar aliyekuwepo anakumbuka bonde la Msimbazi lilivyogeuka ziwa na familia za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. "Mwaminifu" haina mahali. "Alishika daftari la kikoba chetu cha wanawake 22 kwa miaka 3, na kila mwisho wa mwaka hesabu ilikubali" ina mahali, ina idadi, na ina wanawake 21 wengine wanaoweza kuulizwa.

Mawili yanatosha, matatu ukizidisha. Usimwage yote.

Hatua ya 4: Kama ana doa

Wengi hawataki kusikia habari hii. Kama mwombaji aliwahi kukamatwa au kushtakiwa kule, mwenye kuandika barua anapaswa kuambiwa kabla. Barua inayosema "hajawahi kufanya kosa lolote maishani mwake", huku faili mezani kwa ofisa lina kesi ya mwaka 2021, inakufa palepale, na inawaambukiza wenzake wawili. Aliyeiandika anaonekana ama hamjui mtu wake, ama ni muongo.

Ukishaambiwa, sema unajua, sema umejuaje, na sema ulichokiona baada ya hapo. Usimtetee. Usianze kuieleza mahakama ya Marekani kwamba polisi wao walikosea, wewe hukuwepo. Na kama hukuambiwa lolote, usijifanye unajua rekodi yake; andika tu "kwa muda wote niliokaa naye sikuwahi kumwona…" kisha taja usichokiona.

Kutia chumvi kidogo tu "kumsaidia mtoto" kuna hatari ya kisheria. Sheria ya Marekani inamtaja mtu aliyetoa ushahidi wa uongo ili apate manufaa ya uhamiaji miongoni mwa wale wasioweza kuhesabiwa kuwa na tabia njema. Yaani kijana anaweza kukutwa na kosa jipya katika jitihada za kuficha la zamani. Ukitajwa kuwa shahidi, nawe unaweza kuulizwa.

Hatua ya 5: Majina, undugu na saa

Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo barua zetu za Kiswahili zinapoharibika hata zikiwa za kweli tupu.

Kwetu mtoto wa dada ni mwanangu. Mdogo wa baba ni baba. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, nukta. Mwaka fulani nilimchapia mama wa Kigogo barua ya "mwanangu mpendwa", akasaini, ikatafsiriwa, ikaenda. Wiki mbili baadaye mwanasheria wa kule akapiga simu usiku: kwenye fomu kijana ameandika mama yake ni mwingine, na alishafariki, huyu wa barua ni nani? Kumbe kijana ni wa marehemu dada yake, kamlea tangu ana miaka miwili. Hakuna aliyedanganya. Lakini tuliandika barua mpya, na kosa lilikuwa langu niliyechapa bila kuuliza.

Andika hivi: "Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu mwaka 1998 na ananiita mama." Ofisa ameelewa, na umemwonyesha jambo zuri bila hata kukusudia. Vivyo hivyo "kaka yangu, yaani mtoto wa mdogo wake baba yangu". "Ndugu yangu" peke yake usiitumie. Kwetu ndugu ni hata mwenzako wa chama.

Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa ofisa ni watu watatu. Kama mtaani anaitwa kwa jina jingine, andika mara moja: "ambaye mtaani tunamwita Chidi". Wewe mwenyewe usisaini "Mama Fulani", hata kama kitambulisho cha NIDA ndicho pekee kinacholijua jina lako lingine.

Tarehe andika mwezi kwa maneno. Kwetu 03/04/2015 ni Aprili. Wamarekani wanaisoma Machi.

Saa vilevile. Mzee mmoja aliandika kijana "alikuwa akifungua duka saa moja kila siku bila kuchelewa". Mfasiri akaiweka saa moja ya Kizungu, yaani saa saba mchana. Sifa ya kuamka mapema ikawa ushahidi wa uvivu. Andika "saa moja asubuhi", na kwenye tafsiri hakikisha imekuwa saa 7 yao.

Hatua ya 6: Kuiandika yenyewe

Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu. Juu weka tarehe na anwani yako. Barua ielekezwe kwa aliyetajwa na mwanasheria, awe jaji au ofisi ya uhamiaji. "Kwa yeyote anayehusika" ni ya mwisho kabisa ukikosa jina la ofisi. Kichwa chetu cha "YAH:" kinafaa, na kama ni kesi ya Marekani weka pale namba ya mwombaji inayoanza na herufi A, utapewa na mwanasheria. Aya ya kwanza ni wewe ni nani. Ya pili, umemjuaje na tangu lini. Halafu matukio yako. Halafu unavyomjua tangu alipoondoka. Mwisho tamko, sahihi, simu.

Huu ni mfano mmoja, wa mwalimu. Usiunakili, nimeuweka uone unavyotembea.

*Magomeni, Dar es Salaam*
*12 Machi 2025*

*Mheshimiwa Jaji wa Uhamiaji,*

*YAH: ………… (NAMBA A …………)*

*Naitwa …………, nina umri wa miaka 63, raia wa Tanzania, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naandika barua hii kwa hiari yangu.*

*Mtajwa nimemfahamu tangu mwaka 2003, nilipomfundisha darasa la tano hadi la saba. Kuanzia 2006 hadi alipoondoka nchini mwaka 2015 familia yake iliishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na nilikuwa nikimwona karibu kila siku. Hatuna undugu wa damu.*

*Desemba 2011 mafuriko yalipotokea, maji yaliingia nyumbani kwangu usiku yakafika kiunoni. Mume wangu alikuwa Tabora. Kijana huyu, akiwa na miaka 19, alimbeba mama yangu mgongoni hadi nyumba ya ghorofa ya jirani, kisha akawarudia wajukuu zangu wawili. Siku nne zilizofuata alikuja kutoa matope. Nilimpa shilingi elfu ishirini, akakataa. Aliniomba nimfundishe mdogo wake hesabu jioni, nami nikafanya hivyo.*

*Sijamwona ana kwa ana tangu 2015. Tunazungumza kwa simu kama mara moja kwa mwezi. Baba yake alipofariki mwaka 2019 hakuweza kuja kuzika. Tangu mwaka huo hunitumia ada ya mdogo wake mwanzoni mwa kila muhula. Mimi ndiye ninayeilipa shuleni na kumtumia picha ya risiti. Hajawahi kuruka muhula.*

*Mwaka 2021 alinipigia mwenyewe kunieleza kwamba amekamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Sikuwepo na siwezi kueleza zaidi ya alichoniambia. Aliona aibu na hakumlaumu mtu. Nilikuwa mkali kwake kama nilivyokuwa darasani.*

*Niko tayari kuulizwa lolote kuhusu niliyoandika, kwa simu +255 ………….*

*Natamka, nikijua kwamba kusema uongo kuna adhabu chini ya sheria za Marekani, kwamba niliyoyaandika hapa ni kweli na sahihi.*

*(sahihi, jina kamili, tarehe, mahali)*

Angalia: hakuna neno "mchapakazi" hata mara moja. Na ile aya ya 2021, ambayo mteja wangu aliomba niifute mara mbili, ndiyo inayomfanya msomaji aamini aya ya mafuriko.

Kompyuta isiwatawale. Kama watu watatu wanaandika, kila mmoja aandike mwenyewe kwanza kwa mkono, hata kwa makosa, ndipo zichapwe. Mteja akiniletea moja nimbadilishie majina, siku hizi nakataa. Na zile zinazoandikwa na programu za simu, zenye maneno laini ya kila mahali, nazo zinatambulika kama nguo za mtumba zilizopigwa pasi.

Hatua ya 7: Lugha, kiapo na muhuri

Kama Kiingereza chako ni cha kusalimia tu, andika Kiswahili. Barua ya Kiswahili yenye tafsiri nzuri ni bora kuliko Kiingereza ulichoandikiwa ambacho ukipigiwa simu huwezi kukisoma. Kwa Marekani tafsiri lazima iwe kamili, si muhtasari, na mfasiri aambatishe tamko lililosainiwa kwamba ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Hapa Dar BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri. Mwombaji mwenyewe asitafsiri barua zake, hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Tuma zote mbili, ya Kiswahili yenye sahihi na tafsiri.

Kuhusu kiapo, sheria ya Marekani inakubali tamko la maandishi kama lile la mwisho wa mfano, lenye tarehe na sahihi, hata ukiwa nje ya nchi yao, bila kwenda kwa wakili. Maneno yake yana mpangilio maalum wa Kiingereza. Mwombe mwanasheria akutumie yalivyo, na mfasiri ayatumie hayohayo. Ila wapo wanasheria wanaopenda hati ya kiapo kamili, na shahidi wa ndoa ni lazima aape. Hapo nenda kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Posta na Kariakoo wamejaa. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Usisaini nyumbani. Kazi ya kamishna ni kukuona ukisaini, na ukimpelekea karatasi iliyokwisha kusainiwa akaigonga tu, mmefanya kiapo cha mchezo.

Muhuri wa mtaa? Tunaupenda mno muhuri. Mteja wangu mmoja aliupata wa mwenyekiti, wa mtendaji wa kata na wa shule, karatasi ikawa kama kanga. Hautadhuru, lakini barua ya mtu binafsi haihitaji. Nakala ya kitambulisho chako ina maana zaidi.

Jambo dogo pembeni, kwa wazee: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mwanao akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa kwetu anaupoteza. Barua yako haihusiki na hilo, ila nimeona mama akilifahamu baada ya sherehe, na haikuwa sherehe tena.

Hatua ya 8: Kuituma

Saini kwa kalamu ya bluu, ionekane si fotokopi. Iskaniwe vizuri, si picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako, uitume kwa barua pepe siku hiyohiyo. Ile halisi itume kwa EMS ya Posta au kampuni ya vifurushi kama mwanasheria anaihitaji. Baki na nakala, uiweke unapoweka hati ya kiwanja.

Kisha isome tena kila baada ya siku chache mpaka kesi iishe, na simu uliyoiandika isizimwe. New York wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, sisi tuko mbele yao saa 7. Saa nane mchana kwao (wenyewe huiita saa 2) ni saa tatu usiku kwako, na majira yao ya baridi pengo linakuwa saa 8. Namba ngeni inayoanza na +1 usiku huo, pokea. Yule mama wa Houston alipigiwa na ofisi ya mwanasheria akiwa jikoni. Waliuliza jambo moja tu: yule bibi wa Korogwe alileta nini? Akasema machungwa, gunia zima, na mengine yalikuwa yameoza.